Komisere Llob: mwanajeshi akiandika juu ya vita, msomaji amuamini?

Kwa miaka kadhaa, wasomaji wa riwaya za polisi katika Ufaransa na Algeria walidhani Yasmina Khadra ni mama mmoja wa Algeria mwenye moyo mgumu, anayeandika kwa kujificha huku watu wa inchi yake wakichinjwa usiku. Mwaka 1999 wakasikia kwamba kumbe ni mwanaume. Kiisha, mwezi wa kwanza 2001, likatoka jina lenyewe: Mohammed Moulessehoul, ofisa wa jeshi la Algeria, aliyekuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia baada ya miaka 36 ndani ya jeshi. Yasmina Khadra lilikuwa jina alilolipata kwa bibi yake.

Toka siku ile, vitabu vyake juu ya komisere Brahim Llob havisomwi tena kama mbele. Maneno ni yale yale na maiti ni zile zile. Lakini msomaji anayefungua ukurasa wa kwanza anajiuliza swali ambalo hakuwa nalo: huyu anayenieleza nani ameua, yeye mwenyewe alikuwa upande gani?

Swali hilo halikuisha. Linarudi kila mara vita ya Algeria inapotajwa, na miaka hii ya nyuma imetajwa sana. Kwa wakaaji wa mashariki ya Congo, ambao pia wamezoea kusikia habari za mauaji zikisemwa kwa namna tatu ao ine tofauti, mabishano hayo hayako mbali hata kidogo.

Llob ni nani?

Brahim Llob ni komisere wa polisi mjini Algiers. Umri umeenda, tumbo limetoka, mshahara hautoshi, na hasira yake iko karibu. Ana bibi yake, Mina, anayemvumilia, na kijana wake wa kazi, luteni Lino, anayependa kujipamba kuliko kuchunguza. Llob hapokei rushwa, na ndiyo maana hana marafiki wengi kwa wakubwa. Tena ana ugonjwa mwingine: anaandika vitabu.

Llob alianza kuonekana mwaka 1990 katika Le Dingue au bistouri, kitabu kidogo kilichochapwa Algeria kwenyewe, kisha mwaka 1993 kikafuata cha pili. Juu ya vitabu hivyo viwili mwandikaji hakutia jina lake wala la bibi yake. Alitia jina la komisere mwenyewe, kama vile polisi huyo ndiye aliyekaa mezani kuandika. Vilivyomtangaza ni vitatu vilivyotoka Paris: Morituri na Double Blanc mwaka 1997, halafu L'Automne des chimères mwaka 1998. Mwaka 2004 akaongeza kingine, La Part du mort, kinachorudi nyuma hadi 1988, mbele ya vita. Morituri ilitengenezwa filamu, ikatoka mwaka 2007.

Sababu ya kujificha haikuwa mchezo. Katika miaka ya 1980 Moulessehoul alikuwa akichapisha kwa jina lake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ile wakubwa wa jeshi walitaka kila andiko lake lipite kwanza mbele ya komite ya ukaguzi. Alikuwa na njia tatu: kukubali, kunyamaza, ao kutafuta jina lingine. Akachagua ya tatu, na kwa miaka kumi na zaidi akawa mwanajeshi mchana na mwandikaji wa siri usiku.

Vita iliyozaa vitabu

Ili kuelewa kwa nini wasomaji wanagombana, lazima kukumbuka vita yenyewe. Mwaka 1986 bei ya petroli ilianguka, na Algeria, inchi inayoishi kwa petroli na gesi, ikaanguka nayo. Mwezi wa kumi 1988 vijana waliingia barabarani, jeshi likafyatua risasi, mamia wakafa. Mwaka 1989 katiba mpya ikafungua mlango wa vyama vingi. Chama kilichofaidika zaidi ni FIS, chama cha Kiislamu kilichotaka inchi iongozwe kwa sheria ya dini.

Tarehe 26 mwezi wa 12, 1991, katika duru ya kwanza ya uchaguzi, FIS ilipata viti 188 katika bunge la viti 430. Duru ya pili haikufanyika. Mwezi wa kwanza 1992 Raisi Chadli Bendjedid alijiuzulu, uchaguzi ukavunjwa, jeshi likachukua usukani. Mohamed Boudiaf, mzee wa vita ya uhuru, aliitwa kutoka uhamishoni aongoze inchi. Tarehe 29 mwezi wa sita mwaka huo huo akauawa mbele ya watu akitoa hotuba mjini Annaba, na aliyempiga risasi ni mmoja wa askari waliowekwa kumlinda. Mwandikaji wa riwaya za polisi angeleta kisa kama hicho, watu wangesema amepitisha kipimo.

Yaliyofuata yanaitwa na Waalgeria miaka kumi ya giza. Vikundi vyenye silaha viliua polisi, walimu, waandishi wa habari, wanamuziki, wageni, na kiisha vijiji vizima. Vikosi vya serikali vilikamata watu ambao maelfu yao hawakuonekana tena. Mwaka 1997, katika Raïs mwezi wa nane na Bentalha mwezi wa tisa, mamia ya wakaaji walichinjwa kwa usiku mmoja mmoja, karibu na Algiers, pahali ambapo kambi za askari hazikuwa mbali. Hesabu ya wafu wa vita nzima inasemwa kuwa 150,000, wengine wanafikisha 200,000.

Hapo ndipo swali moja lilizaliwa, nalo likawa kama jina la vita: nani anaua nani? Ni swali la komisere, lakini inchi nzima ndiyo iliyouliza.

Maoni ya kwanza: eti amesafisha jeshi

Kuko wasomaji, hasa Ufaransa, walioona wamedanganywa. Walinunua Morituri wakiamini wanasikia sauti ya mwanamke aliyekwama katikati ya visu na bunduki. Kumbe sauti ilikuwa ya ofisa, na ofisa huyo hakuwa mtu wa karatasi tu: alikuwa ameongoza askari katika vita dhidi ya vikundi hivyo hivyo anavyoandika.

Wakati nao ulimwangukia vibaya. Mwezi wa kumi 2000 kilikuwa kimetoka kitabu cha Nesroulah Yous, mtu aliyeponea Bentalha, kikiuliza ni nani hasa aliyeua pale. Mwezi wa pili 2001, majuma machache baada ya jina la Moulessehoul kujulikana, kikatoka kingine: La Sale Guerre cha Habib Souaïdia, luteni wa zamani wa makomando, aliyelishitaki jeshi lake mwenyewe kwa mauaji na mateso juu ya raia. Basi waandishi wa habari wa Paris walikuwa na maofisa wawili mbele yao. Mmoja anasema jeshi liliua raia. Mwingine anasema katika miaka yote aliyopigana hakuona jambo hilo, na analitetea jeshi.

Wasomaji wa upande huu wanarudi katika vitabu na kuonyesha kidole. Wanasema: angalia, katika kesi za Llob kuna magaidi, kuna matajiri, kuna wanasiasa wa zamani, kuna wenye mabaa na wenye viwanda, lakini mtu wa jeshi mwenye damu mikononi haonekani. Polisi wadogo ni wahanga na mashujaa. Hivi kweli, wanauliza, katika vita kama ile?

Neno lao lina uzito. Riwaya ya polisi ina nguvu moja ambayo hotuba haina: inaficha jambo na kulifunua yenyewe, na msomaji anayefuata alama mpaka mwisho anaondoka akiamini amegundua mwenyewe. Kama mwandikaji ameamua toka mwanzo mlango gani hautafunguliwa, msomaji hatajua hata kwamba mlango huo ulikuwako.

Maoni ya pili: huyu ndiye aliyethubutu

Wengine wanajibu kwa hasira vile vile. Kati yao kuko Waalgeria wengi walioishi miaka ile ndani ya inchi na si mbele ya televisheni ya Paris. Kwao, kulaumu mwandikaji kwa sababu alivaa sare ni kusahau nani alikuwa akiuawa. Tahar Djaout, mwandishi wa habari na wa riwaya, alipigwa risasi mwezi wa tano 1993 mbele ya nyumba yake, akafa siku chache baadaye. Polisi wa kawaida alitoka nyumbani bila kujua kama atarudi. Hofu hiyo Llob anayo kila asubuhi akishika mlango, na msomaji aliyekuwa na baba ao kaka katika polisi anaitambua mara moja. Hakuna aliyewaandika watu hao mbele yake.

Tena wanauliza: kama alitaka kusafisha wakubwa, kwa nini vitabu vimewachafua hivyo? Katika Morituri, Llob anaitwa na bwana mmoja mkubwa wa utawala wa zamani, Ghoul Malek, ili amtafutie binti yake aliyepotea. Uchunguzi unaanza kwa msichana na kumpeleka Llob katika mabaa ya usiku, kwa watu wanaofanya vita kuwa biashara. Katika Double Blanc, mwanadiplomasia wa zamani anauawa, na nyuma ya kifo chake kunaonekana watu wa pesa. Anayeshika kisu ni kijana maskini. Anayefaidika anakaa katika nyumba yenye ukuta mrefu. Kwa mwaka 1997, kuandika hivyo ukiwa bado unalipwa mshahara na jeshi haikuwa kazi ya mwoga.

Na wanakumbusha jambo moja ambalo wapinzani wanalipita haraka: katika L'Automne des chimères, Llob anafukuzwa kazi kwa sababu wakubwa wamekasirika juu ya kitabu alichoandika. Kitabu hicho kinaitwa Morituri. Mwishoni Llob anauawa. Miaka zaidi ya miwili mbele ya jina lake kutoka, mwandikaji alikuwa amekwisha kusema wazi: aliyeandika haya ni mtu wa serikali, na serikali haimpendi. Hapo ulizo la kudanganywa linapungua nguvu, kwani siri ilikuwa nusu wazi ndani ya kitabu chenyewe.

Moulessehoul mwenyewe alijibu mwaka 2002 kwa kitabu kizima, L'Imposture des mots, akilalamika namna Paris ilivyompokea. Wengine walimuelewa. Wengine wakasema amejitetea mno.

Maoni ya tatu: siasa imezidi, kesi imepungua

Kuko kundi la tatu, ambalo halina kelele nyingi lakini pengine ndilo kubwa. Hao walifungua kitabu kutafuta muuaji. Wanakubali Llob anachekesha, ulimi wake ni mkali, na mji wa Algiers unaonekana vizuri, na bahari yake na takataka zake. Lakini wanachoka. Wanasema kila kurasa mbili komisere anasimama kuhutubia juu ya inchi iliyooza. Maiti ni nyingi hata huwezi kukumbuka ya kwanza ilikuwa ya nani. Alama za kesi zinaletwa haraka, na mkosaji anajulikana mbele ya mwisho kwa sababu rahisi: tafuta aliye tajiri kuliko wote.

Lawama hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Katika vitabu vitatu vya 1997 na 1998, kesi mara nyingi ni kamba ya kufunga hasira. La Part du mort, cha 2004, kimejengwa kwa uvumilivu zaidi. Pale muuaji mmoja anatolewa gerezani kwa msamaha wa raisi, na daktari wa akili anaonya kwamba mtu huyo hajapona. Llob akifuata nyayo anafika mwaka 1962, siku za mwisho za vita ya uhuru, pahali ambapo jamaa za harki, Waalgeria waliopigana upande wa Wafaransa, ziliuawa, na mtu aliyejulikana kama shujaa ana jambo la kueleza. Kitabu kinafunga kukiwa na ghasia za 1988.

Cha kuangalia ni hiki: kitabu ambacho wapenzi wa upelelezi wanakisifu kuliko vingine ndicho pia kimeingia ndani zaidi katika siasa. Basi tatizo la vile vya kwanza lilikuwa kwamba mwandikaji alikuwa ndani ya moto na aliandika akiungua. Siasa yenyewe si kosa. Miaka saba baadaye alikuwa nje ya jeshi, na aliweza kuuliza swali gumu kuliko la nani anaua sasa: nani aliua zamani, na kwa nini tulimfanya shujaa?

Sheria iliyofunga midomo

Mabishano haya yangekuwa ya watu wa vitabu tu kama Algeria ingefanya kesi za vita yake mbele ya majaji. Haikufanya. Mwaka 1999, chini ya Raisi Abdelaziz Bouteflika, wapiganaji waliokubali kuweka silaha chini walifunguliwa mlango. Tarehe 29 mwezi wa tisa 2005 wananchi waliitwa kupigia kura mkataba wa amani na upatanisho. Amri iliyofuata, mwezi wa pili 2006, ilizuia mashitaka juu ya watu wa vikosi vya usalama. Kifungu chake cha 46 kinatisha kwa kifungo cha miaka 3 mpaka 5 yeyote anayetumia vidonda vya vita ile, kwa kusema ao kwa kuandika, ili kuchafua serikali ao watumishi wake.

Kwa lugha nyepesi: komisere wa kweli akifungua faili ya Bentalha leo, yeye ndiye anaweza kushitakiwa. Ndiyo maana riwaya zimebeba mzigo ambao haukuwa wao. Boualem Sansal aliingia katika uandishi mwaka 1999 kwa Le Serment des barbares, kitabu kinachofuata polisi mzee akichunguza mauaji. Mwezi wa 11, 2024, alikamatwa alipofika Algiers. Mwezi wa tatu 2025 alihukumiwa miaka 5 juu ya maneno aliyosema, na mwezi wa 11 mwaka huo akasamehewa baada ya raisi wa Ujerumani kumuombea. Kamel Daoud alipata tuzo ya Goncourt mwezi wa 11, 2024, kwa Houris, riwaya juu ya mwanamke aliyenusurika kuchinjwa katika miaka ile ya giza. Kitabu hicho hakiuzwi Algeria.

Kwa upande wa mahakama, yaliyofanyika yalifanyika nje. Jenerali Khaled Nezzar, aliyekuwa waziri wa ulinzi uchaguzi ulipovunjwa, alimshitaki Souaïdia mjini Paris kwa kumchafulia jina. Mwaka 2002 mahakama haikumpa haki. Mwezi wa nane 2023 waendesha mashitaka wa Uswisi wakamfungulia kesi yeye mwenyewe, kwa tuhuma za makosa ya vita. Alikufa mwezi wa 12 mwaka huo, mbele ya kesi kusikilizwa. Faili ikafungwa na kaburi.

Mwandikaji wa Llob yeye alipita njia nyingine. Kwa miaka kadhaa aliongoza kituo cha utamaduni cha Algeria mjini Paris, kazi ya kupewa na serikali, jambo lililowapa wapinzani wake neno lingine. Lakini mwaka 2014 alijaribu kugombea uraisi dhidi ya Bouteflika, akashindwa kupata sahihi zilizotakiwa, na mwaka huo huo akaondolewa katika kazi ile ya Paris. Ukimuita mtu wa serikali, hesabu haitimii. Ukimuita mpinzani, haitimii pia.

Kwa nini jambo hili linagusa huku

Msomaji wa Beni hahitaji kuelezwa swali la nani anaua nani. Toka mwezi wa kumi 2014, wakaaji wa eneo lile wanazika watu waliouawa kwa mapanga, na kila mara majibu yanakuwa mengi: ni ADF, hapana ni wengine, ni watu fulani wa ndani, ni wakubwa fulani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama Mapping, iliyotoka mwezi wa kumi 2010, iliorodhesha matukio 617 ya makosa makubwa yaliyofanyika Congo toka 1993 mpaka 2003. Kesi zilizofunguliwa kwa msingi wake ni chache kabisa. Sheria za msamaha za 2009 na 2014 ziliacha nje makosa makubwa kama ya vita na dhidi ya ubinadamu, na hapo Congo ilitofautiana na Algeria kwa karatasi. Kwa matendo, mama wa Beni na mama wa Bentalha wote wanangoja.

Pahali ambapo majaji wako kimya, watu wanaongea. Wanaongea kwenye kivuko, sokoni, baada ya misa, katika nyimbo, katika tamthilia za redio. Kila msimulizi ana upande: mmoja alikuwa askari, mwingine ndugu yake alikuwa katika kundi fulani, mwingine amekimbia na hakuona ila amesikia. Ukisema utasikiliza tu yule asiyekuwa na upande, utakaa kimya mpaka kufa, sababu mtu huyo hakuna.

Hapo ndipo kisa cha Llob kinafundisha. Kambi ya kwanza inasema: alikuwa mwanajeshi, basi tumtupe. Kambi ya pili inasema: alikuwa mwanajeshi na alithubutu, basi tumuamini. Zote mbili zinaamua kwa kuangalia sare. Njia inayofaa zaidi ni ile ambayo Llob mwenyewe anatumia akisikiliza shahidi katika ofisi yake. Shahidi alisimama pahali gani, na kutoka pale aliweza kuona nini? Nini alikiona lakini hakusema? Na alipoteza ao alipata nini kwa kusema?

Tukimpima mwandikaji wa Llob kwa maswali hayo matatu, majibu yanakuja bila kelele. Alisimama ndani ya dola, kwa hiyo anachosema juu ya woga wa polisi mdogo na ulafi wa wakubwa wa raia kina thamani kubwa. Aliishi karibu navyo. Juu ya yale ambayo vikosi vilifanya usiku, vitabu vyake vinasema kidogo sana, na ukimya huo haufai kuhesabiwa kuwa ushahidi kwamba hakuna kilichofanyika. Juu ya faida na hasara: alihatarisha kazi, akapata sifa, akapoteza sehemu ya sifa hiyo siku jina lilipotoka. Shahidi kama huyo hakimu hamfukuzi. Anamsikiliza, anaandika, kiisha anaita shahidi mwingine.

Na shahidi mwingine yuko. Anayesoma Morituri asome pia Yous wa Bentalha. Anayesoma Souaïdia asome pia ukurasa ule ambapo Llob anashika mlango wa nyumba yake asubuhi, hajui kama nyuma ya gari kuna mtu. Hakuna kitabu kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuhukumu vita. Vikiwekwa juu ya meza moja, vinaanza kuonyeshana mapengo.

Algeria imeandika sheria ili meza hiyo isiwekwe. Wasomaji wake wanaendelea kuiweka nyumbani, kwa vitabu vinavyoingia katika mizigo ya wasafiri, na wanaendelea kubishana kama komisere alisema kweli yote ao nusu. Wakati mabishano hayo yanaendelea, waliopotea katika miaka ile bado hawajarudi, na mama zao, wengi sasa ni wazee, wanashika picha zao barabarani mjini Algiers kila wanapopewa nafasi. Wao hawaulizi juu ya jina la mwandikaji. Wanauliza pahali maiti ilipo.